Msitupandie mvinje mkatuambia ni msitu: barua ya wazi kuhusu ardhi ya mgodi Kwale

Kwa Waziri wa Madini, Waziri wa Mazingira na Misitu, Mheshimiwa Gavana wa Kwale, wakubwa wa NEMA ya mazingira na KFS ya misitu, na yeyote mwengine mwenye muhuri kwenye haya mambo ya ardhi ya mgodi,

Assalamu aleikum na poleni na kazi.

Mimi ni mkaazi wa Msambweni na kazi yangu ni miche. Tuna kikundi, tuna kitalu, twaotesha miti ya asili, miembe, minazi, na mvinje pia, ule mti wa sindano unaokua haraka wa boriti, manake bila mvinje kitalu hakilipi hata bili ya maji. Naandika hapa hadharani kwa sababu barua za ofisini huwa zinagongwa muhuri wa kupokelewa alafu bas, huzisikii tena.

Ombi langu ni moja ila litakuwa refu, mnivumilie. Ile ardhi iliyochimbwa, sehemu yake kubwa tu irudishwe msitu, ule msitu wa kwetu wenye mbambakofi na msandarusi na mvule na mgurure, na upewe muda na pesa na watu wa kuulinda miaka ishirini, thelathini, usiishie kwa siku ya kupanda.

Kwa wanaosoma hii barua na si wa huku, nieleze kidogo. Tangu mwisho wa 2013 mchanga mwekundu wa pande za Nguluku na Maumba, kilomita kama 50 kusini ya Mombasa, ulikuwa unachimbwa na kampuni ya Base Titanium ya Waaustralia kutoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Madini yalikuwa yanapakiwa kwa malori mpaka Likoni, yanaingia melini, yanaenda kuwa rangi nyeupe ya kuta za watu na vigae vya vyoo huko ng'ambo. Kabla ya hapo watu walihamishwa, wengine wakapelekwa Bwiti, na hayo machungu mnayajua hamuhitaji mimi niwakumbushe. Desemba 2024 uchimbaji ukaisha, miezi michache baada ya kampuni mama kununuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Vijana waliokuwa na kazi wakarudi nyumbani, na sasa kila mkutano ni swali moja tu, ile ardhi itafanywa nini.

Na mawazo ni mengi wallahi. Kuna wanaotaka viwanda, kuna wanaotaka mashamba makubwa ya biashara, kuna wanaosema warudishiwe wenyewe, kuna wanaosema msitu. Sipingani na mtu. Eneo ni kubwa na mwenye njaa hali kivuli. Lakini kila nikisikia hao wakubwa wakilitaja neno msitu nasikia hesabu ya miche inafuata nyuma yake, laki hii, milioni ile, na hapo ndo roho yangu inaanza kwenda mbio.

Nianze na udongo kwa sababu watu huruka hapo wakakimbilia miti.

Madini ya mchanga hayachimbwi kama dhahabu, hakuna shimo la kwenda chini kiza. Tingatinga linakwangua udongo wa juu unawekwa kando, mchanga wa chini unapigwa maji ya presha unageuka tope, tope linasukumwa kwa mabomba mpaka kwa mitambo inayozungusha mpaka yale mazito yajitenge, alafu kilichobaki, ambacho ndio karibu mchanga wote, kinarudishwa pale pale. Ukisikia hivyo waona mbona rahisi, mchanga umetoka mchanga umerudi. Sio ule lakini. Umeoshwa. Ule ulaini uliokuwa unashika maji na mbolea umetenganishwa ukawekwa kwengine, na mpaka uchanganywe tena na mchanga unachukua kazi na pesa. Ingia msitu wa Gongoni hapo jirani uokote konzi ya udongo chini ya mti, uifinye, inaacha wekundu kiganjani, ina vijizizi vyembamba kama nywele, ina vijinyuzi vyeupe vya kuvu, yanuka uhai. Alafu shika konzi ya mchanga uliooshwa. Unakuchuruzika wote katikati ya vidole na mkono unabaki msafi. Mwagia maji, hayasimami hata ukihesabu tano. Mche utakula nini hapo?

Kwa hivyo ule udongo wa juu uliokwanguliwa mwanzo ni mali kushinda miche yote mtakayonunua. Ndani yake kuna mbegu zilizolala, kuna kuvu, kuna vidudu. Ila ukiuweka lundo kubwa miaka, unakufa ndani kwa ndani, mbegu zinaoza na kuvu zinaisha. Kule Australia Magharibi kampuni ya Alcoa inayochimba boksaiti kwenye misitu ya jara, mti wa asili wa huko, walijifunza hilo, udongo unaotolewa sehemu inayofunguliwa unapelekwa moja kwa moja kutandazwa sehemu inayofungwa, bila kulala, na mimea ya asili inayoota yenyewe ni mingi kushinda udongo uliokaa. Na hao hao, kabla ya 1988 walikuwa wanapanda misonobari na mikaratusi ya mbali kwa sababu inakua haraka, baadaye wakaacha wakarudi kwa miti ya pale pale. Nalitaja hili kwa sababu wakubwa wetu mnapenda mfano wa nje, bas huo hapo, tena ni wa huko huko ilikotoka kampuni.

Kwetu mgodi umeshafungwa, hakuna tena sehemu mpya inayofunguliwa. Kwa hivyo swali langu la kwanza kwenu ni hili, na nataka jibu la maandishi: udongo wa juu uliobaki uko wapi, ni kiasi gani, umekaa lundo tangu mwaka gani, na nani ameupima kama bado uko hai? Haki ya kujua hilo tunayo, Katiba kifungu cha 42 kinatupa mazingira safi na hakikuandika "isipokuwa Kwale".

Haya tuje kwa mvinje.

Kila mtoto aliyesoma Mombasa amepelekwa Haller Park kwa safari ya shule akaona viboko na makobe akarudi nyumbani. Ila wengi hawajui pale palikuwa nini. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti cha Bamburi kilichoanza kazi 1954, jiwe la matumbawe tupu, jeupe, linachoma macho, na chini kidogo tu maji ya chumvichumvi. 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti, akajaribu aina 26, zikasimama tatu, mnazi, mdamasi na mvinje. Mvinje ukashinda kwa sababu mizizi yake ina bakteria wanaoshika naitrojeni hewani, wajitilia mbolea wenyewe. Shida ikawa majani yake, zile sindano, zaanguka haziozi zajaa tu chini. Akaletwa jongoo. Ndio, jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakala zile sindano wakatoa mbolea, udongo ukaanza kujitengeneza, miti mingine ikapata pa kushika, na 1984 pakafunguliwa watu waingie. Ile kazi naiheshimu sana, siku nyingine nawaambia vijana wa kitaluni ati jongoo mmoja ana CV kubwa kushinda maofisa wengine.

Lakini msichukue dawa ya Bamburi mkamnywesha mgonjwa wa Kwale. Bamburi hapakuwa na udongo kabisa, wala hapakuwa na msitu jirani wa kuleta mbegu, mvinje ulikuwa ndio mlango wa pekee. Sisi tuna mchanga, japo umeoshwa. Tuna udongo wa juu kiasi fulani. Na jirani kabisa tuna misitu, tuna Gongoni, tuna Buda, tuna Kaya Muhaka, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, huko mbele kidogo Mrima na Shimba Hills. Mama mbegu wako hai wote. Mvinje utumike kule ambako hakuna namna, kwenye tuta linalopeperushwa na upepo, mistari miwili mitatu ya kuzuia, na iandikwe kabisa kwenye mpango itakatwa lini.

Na siuchukii mvinje, mnielewe, hata nyuma ya nyumba yetu upo. Mtu apanda leo, miaka minne mitano akata boriti alipa karo, nani atamlaumu? Ndo maana nasema mvinje tengeni sehemu yake muiite shamba la boriti, wagawiwe wanavijiji, wavune, wauze, halali yao. Afrika Kusini huko Richards Bay wanachimba mchanga wa madini kama wetu tangu 1977, na ndivyo walivyofanya, sehemu kubwa waliweka mvinje wa biashara na kama theluthi hivi wakaiacha irudi msitu wa asili wa pwani. Ile theluthi kwanza wanarudisha udongo wa juu, wanasimamisha nyavu za kukata upepo, wanamwaga mbegu za mtama, uwele na marejea pamoja na za miti ya asili, ile mimea ya msimu inaota haraka inashika mchanga, ikifa ishakuwa kivuli cha migunga midogo, migunga inakua inakuwa kichaka kizima, ikizeeka inaanguka inaacha mianya, na kwenye ile mianya ndo miti ya msitu wenyewe inaingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wameufuatilia miaka na miaka, ndege na jongoo na panya wanarudi awamu kwa awamu, ila miti mikubwa ndio inachelewa kabisa. Miaka zaidi ya arubaini sasa na bado hawajasema tumemaliza! Sisi twataka kumaliza kwa mihula miwili ya gavana.

Sasa miti yenyewe. Nataka niseme hapa kwa sababu hapa ndo kazi yangu na najua nikisoma bajeti za watu nacheka.

Bajeti huandikwa "miche ya asili, shilingi kadhaa kwa mche" kana kwamba yote ni kitu kimoja. Mbambakofi huo, mbegu yake ni kubwa, nyeusi yang'aa na kofia nyekundu, watoto wachezea, ukiiloweka yaota vizuri tu bila wasiwasi. Lakini mizizi yake huishi na kuvu fulani za udongoni, na mche uliolelewa kwenye mchanga mtupu wa kununua utaukuta wa kijani kitaluni alafu ukipelekwa uwanjani unaduwaa, haufi haukui. Lazima kwenye vifuko uchanganye udongo kidogo wa chini ya mbambakofi mkubwa. Na huo udongo hauchukui tu ovyo, ukiwa ni wa kaya waenda kwa wazee, ngambi, yaani baraza lao, wakae, waseme ndio au la, na wakisema la unarudi na kikapu chako kitupu ukatafute mti ulio shambani kwa mtu. Hiyo ni siku, ni nauli, ni adabu. Nani ameiweka kwenye bajeti?

Mvule nao. Watu wa ofisini mnaupenda mvule kwa sababu ya mbao. Mbegu zake ni punje ndogo sana, unaponda tunda kwenye ndoo ya maji unachuja, na zikikaa zinapoteza nguvu upesi kwa hivyo ukichelewa kusia umekula hasara. Tena mvule ukiupanda shamba zima peke yake juani, kuna kijidudu kinaingia kwenye majani machanga kinatia vinundu, kilele kinaoza, mti unakaa kichaka miaka. Ukiwa mmojammoja chini ya kivuli chepesi cha wenzake unapona zaidi. Kwa hivyo mvule hauwi wa kwanza kuingia, unasubiri wengine watangulie. Msandarusi vile vile taratibu, huo ambao utomvu wake zamani ulikuwa ukitoka pwani hii kwenda Unguja na kuuzwa Ulaya kutengenezea vanishi, leo vijana wengi wapita chini yake hawaujui jina. Na kuna mimea ambayo hakuna anayeiweka kwenye orodha kwa sababu si mti wa mbao, mbungo kwa mfano. Bila mabungo tumbili na watoto wataingia msituni kufanya nini?

Na si lazima kila kitu kipandwe kwa mkono. Hondohondo anameza matunda Gongoni asubuhi, anaruka, anatua mahali anakunya, pale paota mti. Popo hivyo hivyo na mvule. Ila hawatui kwenye mchanga mweupe, wataka pa kukaa. Simamisheni nguzo kavu, acheni vichaka vya mti unaokua haraka wa asili kwenye vishada, muone mbegu zitakavyoletwa bure. Miche mnayoipanda iwe ile ambayo ndege hawezi kuileta, yenye mbegu nzito kama huo mbambakofi.

Jambo jengine ni mwarobaini, sisi wengine twauita mkilifi. Ni dawa, ni kivuli, na ni mgeni kutoka Bara Hindi ambaye akiingia msituni hatoki, ndege wala tunda lake wasambaza kila mahali, hata kwenye kaya wazee walia nao. Kwenye ardhi ya mgodi ambayo iko uchi atakuwa wa kwanza kubisha hodi, yeye na lantana, kile kichaka kigeni. Kwa hivyo kazi kubwa ya miaka mitano ya kwanza ni kung'oa. Kung'oa hakupigwi picha. Sijawahi kumuona mheshimiwa akishuka kwenye gari na kofia yake aje kung'oa mkilifi.

Ambayo yanileta kwenye picha. Serikali ilitangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032, Novemba 13 2023 tukapewa likizo nchi nzima tukapande, na mimi siku kama hiyo ni biashara, sitasema uongo, kitalu kinaisha. Lakini niwaambie kinachotokea baada yake. Kuna mahali, sipataji wala sitaji waliokuja, walifika na fulana mpya na spika na mahema, miche ikashushwa kwa lori saa nne jua tayari kali, mengi yake ni yale yaliyofurahisha macho tu, mashimo ya kina cha kiganja, mifuko mingine haikutolewa mche umezikwa na plastiki yake. Hotuba. Pilau. Wakaondoka. Wiki ya pili mbuzi, wiki ya tatu kiangazi. Ukiuliza ripoti yasema miche elfu kadhaa imepandwa, na ni kweli imepandwa, hakuna aliyeuliza imebaki mingapi.

Basi tubadilishe hesabu. Mkandarasi, kampuni, shirika, au sisi vikundi, tusilipwe kwa mche uliotiwa shimoni. Tulipwe kidogo kwa kupanda, na kingine baada ya masika mawili kwa mche uliosimama, na kingine mwaka wa tano. Nasema hivi na mimi ndio nauza miche, nitaumia mwanzo kama wengine, lakini angalau nitajua kwa nini nachagua mbegu nzuri.

Na pesa ipo, hapo msituzungushe. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye leseni awe na mpango wa kurekebisha ardhi na kufunga mgodi, na aweke dhamana ya mazingira ili akienda bila kumaliza kazi serikali iitumie. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha, ile pesa mchimbaji anayolipia madini, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii, na hiyo 10 mnajua imetungojesha vipi, wengine wamefariki wakiingojea. Nisiingie huko leo. Ninachosema ni hii dhamana isirudishwe kwa sababu ardhi inaonekana kijani kwenye picha ya droni. Nyasi ni kijani. Lantana ni kijani kabisa! Irudishwe vipande vipande, kipande kwa aina za miti ya asili zilizohesabiwa zikiwa hai, kipande kwa miche inayoota yenyewe bila kupandwa, kwa sababu msitu ukianza kuzaa wenyewe hapo ndo waweza kusema umeanza. Na anayehesabu asiwe aliyepanda. Makumbusho ya Taifa wana kitengo chao cha misitu ya pwani, tangu miaka ya 1990 wako na hizi kaya wanazijua mti kwa mti, wapeni hiyo kazi pamoja na wazee.

Kuhusu mahali pa kuweka msitu, sitaki mnidharau mkadhani nataka mgodi wote. Chukueni ramani. Gongoni upande mmoja, Buda upande mwengine, vipande viwili vya msitu wa serikali na katikati yake mgodi. Mbega wa Kwale hapendi kushuka chini, ataka mti ushikane na mti, akishuka ni mbwa na gari. Msitu wa kwanza kabisa uwekwe hapo, ukanda mpana unaounganisha hivyo vipande viwili na kingo za mto Mukurumudzi, manake ule mto ndo maji yetu na ndo unaoshuka mpaka Gazi kwenye mikoko. Ukanda huo usikatwe na barabara ya kiwanda wala ua wa mwekezaji. Kilichobaki jadilianeni na watu, mashamba, boriti, mabwawa ya samaki, chochote, sitaingilia.

Na tafadhali kile kitalu kilichokuwa mgodini kisife. Kampuni ilikuwa na kitalu chake cha miti ya asili, na kuna kina mama na vijana wa huku waliofanya kazi pale miaka, wanajua mti gani watoa mbegu mwezi gani, wanajua ipi yalowekwa ipi yakwaruzwa. Ujuzi huo hauko kwenye kitabu chochote mtakachonunua Nairobi. Mkiacha hawa watu waende kuuza mandazi, baada ya miaka mitatu mtaleta mshauri wa dola aje kuwauliza wao hao maswali.

Wanaosema wanakijiji hawawezi kusimamia kitu cha miaka mingi, nawaalika Gazi, si mbali, ni mwendo wa dakika chache kutoka barabara kuu. Mikoko Pamoja wako pale tangu 2013, watu wa Gazi na Makongeni, hekta 117 za mikoko, wauza hewa ya kaboni kwa hesabu ya tani kama 3,000 kwa mwaka, pesa imeleta maji na vitabu vya shule. Wana kamati, wana askari wa mikoko, wana ugomvi wao pia kama kila kamati duniani, na mikoko ipo. Msitu wa mgodini ukipewa jamii kwa makubaliano ya maandishi, KFS akiwa mshauri na wala si bwana, hautashindikana. Ila msituambie kaboni italipa kila kitu. Mti mchanga unashika kaboni kidogo, hela ya kaboni huja baadaye, na miaka kumi ya kwanza ndio ya gharama, ya walinzi na kung'oa na kuzima moto wa nyasi. Hapo ndo dhamana na mrabaha vinapoingia.

Moto nimeutaja juu juu na uchomaji makaa sijautaja, lakini mnavijua. Bila ajira ya walinzi wa hapo hapo, na nasema mshahara kila mwezi si posho ya mkutano, mti ukifikia unene wa mkono utakuwa gunia la makaa.

Najua kuna mmoja wenu atasema huyu ataka kazi. Ndio nataka. Kazi ya msitu ni kazi, kama ilivyokuwa kazi ya kuendesha tingatinga.

Kwa hivyo kabla ya masika yanayokuja twaomba mambo haya yafanyike kwanza. Mpango wa kufunga mgodi na kiasi cha dhamana viwekwe wazi, kwa Kiswahili, vibandikwe kwa machifu wa lokesheni zote zinazopakana na mgodi na viletwe misikitini pia manake huko ndo watu wako Ijumaa. Baraza liitwe hapo hapo Nguluku na Bwiti pia, lisiitwe hotelini Diani, na waliohamishwa wawe na viti vya mbele. Wazee wa kaya waulizwe mbegu na udongo kabla ya tenda kutangazwa, si baada. Na vikundi vya vitalu tuambiwe mapema ni miti gani inatakiwa na kiasi gani, kwa sababu mbegu ya mvule haingoji tenda yenu, ikikosa msimu ni mwaka mzima.

Majibu mwaweza kuyaleta kwa maandishi kupitia ofisi ya chifu Msambweni. Mkija wenyewe ni bora zaidi, ila njooni na viatu vya kutembea, kuna kipande cha Gongoni nataka tuingie pamoja mkashike ule udongo.

Wenu mtiifu,
Muotesha miche, Msambweni